Damu Yetu Inasafiri, Sisi Tunabaki Kwenye Foleni

Leo sikuja na hadithi ya kutia moyo. Nimekuja na hasira, na nitajaribu kuipanga vizuri ili isomeke.

Juzi nilirudi Nakivale kumwona mama. Nikapita kwenye kituo cha vijana, nikakuta usajili wa mafunzo. Dada mmoja wa shirika, mpole kabisa, alikuwa anawajazia vijana fomu. Mbele yangu alikuwepo kijana aliyemaliza D6 kule Kivu Kaskazini kabla vita havijawatoa, seksheni ya bio-shimi, na cheti chake amekifunga kwenye mfuko wa plastiki kama mtu anayebeba mtoto mchanga. Akaulizwa: "Unachagua nini?" Fomu ilikuwa na visanduku vitano: ushonaji, saluni, uokaji wa mikate, useremala, kutengeneza simu. Kijana akasema, "Mimi nataka biolojia." Yule dada akacheka kidogo, si kwa ubaya, akamjibu: "Hiyo haipo hapa. Chagua kitu chenye uhalisia." Kijana akanyamaza, akaelekeza kidole kwenye simu.

Neno hilo, uhalisia, ndilo limenikosesha usingizi mpaka nikaandika haya.

Maana mimi ninafanya kazi ambayo haipo kwenye fomu ile. Na nilipita foleni ile ile.

Kazi yangu ni biolojia ya kompyuta. Jina kubwa, lakini kazi yenyewe inaelezeka. Watu wagonjwa na watu wazima wanatolewa damu. Maabara inapima ndani ya kila chupa maelfu ya vitu kwa mara moja: jeni zipi zimewaka, protini zipi zimepanda. Binadamu ana jeni karibu 20,000 zinazotoa maagizo ya kutengeneza protini. Kwa hiyo mimi naletewa jedwali lenye mistari 20,000 hivi, na safu mia moja au mia mbili, kila safu ni mtu mmoja. Swali langu ni moja: kati ya zote hizo, ni zipi chache ambazo tukizipima peke yake zitatuambia huyu ana kifua kikuu na yule ana kikohozi cha kawaida? Hizo chache tunaziita baiomaka. Ni alama ndani ya mwili, inayopimika, inayosema jambo kuhusu ugonjwa hata kama mgonjwa mwenyewe hajui au hawezi kujieleza.

Usiseme baiomaka ni mambo ya wazungu. Wewe unazijua tangu utoto. Unapotobolewa kidole kwenye zahanati, tone la damu likawekwa kwenye kile kipande cha plastiki, ukasubiri mistari miwili, wewe unasoma baiomaka. Vipimo vingi vya haraka vya malaria vinatafuta protini moja ya kijidudu cha falciparum, inaitwa HRP2. Mstari wa pili ukitokea, HRP2 imeonekana. Ndiyo hivyo tu.

Sasa sikilizeni jinsi jambo hilo dogo lilivyoingia nyumbani kwetu.

Miaka kadhaa iliyopita mdogo wangu wa mwisho aliugua. Homa. Tukampeleka zahanati, kipimo kikatoa mistari miwili, akapewa dawa ya malaria, akamaliza. Baada ya wiki mbili homa ikarudi, na kikohozi juu yake. Tukarudi. Kipimo: mistari miwili tena. Dawa ya malaria tena. Mara ya tatu, vile vile. Mtoto anakonda, mama analia usiku akidhani hatumsikii. Nesi alikuwa mtu mzuri, alifuata alichofundishwa. Kitu ambacho hakuna aliyetuambia siku hizo ni kwamba HRP2 inaweza kubaki ndani ya damu kwa wiki kadhaa baada ya vijidudu kufa. Kipimo hakikusema uongo, kilikuwa kinasoma mzoga wa malaria ya zamani. Ugonjwa uliokuwa unamla mdogo wangu ulikuwa kifua kikuu.

Kwa nini hawakupima kifua kikuu? Walijaribu. Wakasema, "Akohoe, atoe makohozi." Mtoto wa miaka minne atayatoaje makohozi? Anayameza. Mashine ya GeneXpert ilikuwepo, nzuri sana, lakini ilihitaji makohozi. Tulipofika hospitali kubwa mwezi wa tatu wa ugonjwa, pafu moja lilikuwa limeshaharibika. Leo yuko hai, Mungu ashukuriwe. Anacheza mpira dakika kumi, halafu anakaa pembeni anashika mbavu, anajifanya anafunga kamba za viatu.

Hiyo ndiyo siku niliyoanza kazi hii, ingawa sikujua. Nilitaka kujua kwa nini damu ya mdogo wangu haikuweza kusema ukweli wakati mdomo wake haukuweza.

Kumbe wapo waliokuwa wanauliza swali hilo hilo. Mwaka 2016 lilichapishwa jarida lenye jeni 16 ndani ya damu, zilizotafutwa kwa kufuatilia maelfu ya vijana wa Afrika Kusini, ambazo ziliweza kuonyesha nani yuko njiani kuelekea kifua kikuu kabla hajaanza kukohoa. Mwaka huo huo kundi jingine, la Chuo Kikuu cha Stanford, lilitoa alama ya jeni tatu tu: GBP5, DUSP3 na KLF2. Jeni tatu! Baadaye ikatengenezwa katriji ya majaribio inayotumia jeni hizo tatu kwenye mashine ile ile ya GeneXpert, kwa tone la damu ya kidole, bila makohozi. Nilipoisoma habari hiyo mara ya kwanza nilitoka nje nikakaa kwenye jiwe. Nilifikiria yule mtoto akiambiwa "kohoa, kohoa."

Lakini kuna jambo lililonichoma zaidi, na ndilo nataka mlibebe nyumbani. Wale wa jeni tatu hawakuanza kwa kutoa mtu damu. Walikwenda kwenye hazina ya umma ya data inayoitwa GEO, iliyopo kwenye mtandao tangu mwaka 2000, ambako watafiti wa dunia nzima huweka vipimo vyao. Walikusanya data za sampuli zaidi ya 2,500 kutoka nchi 10, zikiwemo za Afrika, zilizopimwa na watu wengine kwa kazi nyingine. Wakazichambua kwa pamoja. Data hizo ni za bure. Hazikuulizi pasipoti. Hazikuulizi kadi ya mkimbizi wala barua ya OPM. Ukiwa na kompyuta na bando, unazishusha leo usiku.

Je, sasa, nani asiye na uhalisia hapa? Kijana wa bio-shimi, au fomu?

Najua ndugu zetu wa mashirika watasema: "Sawa, lakini kwa nini lazima afanye mkimbizi? Si wapo wataalamu?" Swali zuri. Nalijibu kwa mambo mawili.

La kwanza: baiomaka iliyotafutwa kwa watu wengine inaweza kutudanganya sisi. Chukua kisukari. Kipimo kinachotumika sana ni HbA1c, kinachosoma sukari iliyoganda kwenye chembe nyekundu za damu. Chembe ikiishi muda mrefu, inabeba sukari nyingi zaidi. Sasa, kuna badiliko la jeni ya G6PD ambalo limeenea kwa watu wenye asili ya Afrika kwa sababu linasaidia dhidi ya malaria, na linahusiana na chembe nyekundu kuishi muda mfupi. Matokeo yake kipimo kinashuka wakati sukari ipo juu. Utafiti wa mwaka 2017 ulikadiria kwamba Marekani peke yake, Waamerika weusi wapatao 650,000 wenye kisukari wangeweza kukosa kugunduliwa kama kingetumika kipimo hicho tu. Kipimo hakina ubaguzi moyoni, chenyewe ni kemia. Shida ni nani alikuwepo mezani kilipowekewa mpaka wa "mzima" na "mgonjwa". Na ukiangalia tafiti kubwa za jeni za dunia, hesabu iliyochapishwa mwaka 2019 ilikuta asilimia 78 ya waliochunguzwa wana asili ya Ulaya na asilimia 2 tu asili ya Afrika. Asilimia 2, wandugu. Sisi tuliokaa kwenye bara lenye tofauti nyingi za jeni kuliko mabara yote.

La pili ni langu mwenyewe, na nalisema kwa sababu nililiona kwa macho. Timu yetu ilipokea data za damu kutoka sehemu mbili. Nikaendesha uchambuzi, nikapata jeni zilizotenganisha wagonjwa na wazima karibu bila kosa. Wenzangu wakafurahi, tukaanza hata kuongelea jarida. Mimi sikufurahi. Nilikuwa nimeona kwamba karibu wagonjwa wote walitolewa damu kwenye kituo cha mbali, vijijini, na karibu wazima wote mjini. Nikauliza: chupa za kituo cha mbali zilifika maabara lini? Hakuna aliyejua. Lakini mimi nilijua gari la kutoka vituo vya namna hiyo linavyokwenda, maana nimelisubiri nikiwa mgonjwa. Haliji kila siku. Mvua ikinyesha haliji kabisa. Damu ikikaa kwenye joto masaa mengi kabla ya kuhifadhiwa vizuri, jeni zake zinabadilika zenyewe. Tukafuatilia, na kweli: "baiomaka" yetu nzuri ilikuwa inapima safari ya gari, haipimi ugonjwa.

Pale hakuna profesa aliyenizidi. Elimu ya foleni ndiyo iliyookoa kazi ile. Kama ningekuwa nimechagua kisanduku cha saluni, makosa yale huenda yangechapishwa, na siku moja yangerudi kwa mtoto wa mtu kwa sura ya kipimo.

Msidhani natia chumvi. Mwaka 2002 jarida kubwa la tiba lilichapisha utafiti uliodai kwamba mpangilio wa protini ndani ya damu unaweza kugundua saratani ya ovari karibu bila kukosea. Dunia ikashangilia. Wachambuzi wa takwimu Keith Baggerly, Jeffrey Morris na Kevin Coombes walipozichunguza data zilizowekwa wazi, walikuta dalili kwamba tofauti iliyoonekana inaweza kuwa imetokana na jinsi sampuli zilivyopimwa. Miaka michache baadaye, Baggerly na Coombes waliumbua tafiti za chuo kimoja kikubwa cha Marekani zilizodai kuchagulia wagonjwa wa saratani dawa kwa kusoma jeni zao. Moja ya makosa waliyoyakuta: majina ya jeni yalikuwa yamesogea mstari mmoja kwenye jedwali. Mstari mmoja! Kila jeni ikawa inaitwa kwa jina la jirani yake. Na wagonjwa wa kweli walikuwa wameshaingizwa kwenye majaribio kwa kutegemea hayo.

Kwa hiyo kazi hii inahitaji watu wenye wasiwasi. Watu waliozoea kuuliza, "Hii karatasi imetoka wapi? Nani ameigonga muhuri? Mbona tarehe hazilingani?" Nionyesheni watu duniani waliozoea maswali hayo kuliko mkimbizi. Sisi tumehojiwa juu ya tarehe zetu mpaka tunaziota.

Halafu kuna suala la heshima. Wengine wenu ni wa Beni, Mangina, Butembo. Mnaikumbuka Ebola ya 2018 mpaka 2020. Zaidi ya watu 2,200 walikufa. Katikati ya risasi na mawe, vituo vya huko kwetu viliendesha jaribio la dawa nne lililoitwa PALM, na Profesa Jean-Jacques Muyembe wa INRB ya Kinshasa akiwa mmoja wa viongozi wake. Moja ya dawa mbili zilizoshinda, mAb114, ilitokana na kinga ndani ya damu ya Mkongomani aliyepona Ebola ya Kikwit ya 1995. Na jaribio hilo lilionyesha nguvu ya baiomaka moja rahisi, kiasi cha virusi ndani ya damu. Kati ya waliopewa mAb114, wenye virusi vichache walikufa karibu 1 kati ya 10, na wenye virusi vingi walikufa karibu 7 kati ya 10. Maana yake ni nini? Kuja mapema, kupimwa mapema, ni uhai. Huo ujumbe ulitoka kwenye damu yetu, kwenye ardhi yetu, na safari hii Mkongomani alikuwa mezani.

Linganisha na 1976, Yambuku. Muyembe huyo huyo, kijana, alikwenda akagusa wagonjwa bila glavu, akatoa damu, akarudi Kinshasa na mtawa mgonjwa. Damu ikapelekwa Ubelgiji, virusi vikagunduliwa katika maabara za mbali, na kwa miaka mingi hadithi ilisimuliwa bila jina lake kuwa mbele. Kati ya 1976 na 2018 kilichobadilika si akili ya Wakongomani. Kulikuwa sasa na maabara, umeme, na watu wetu waliosomea kazi hiyo.

Basi naja kwenu, ndugu wa mashirika mnaotusoma. Najua wengi wenu mna moyo, na najua bajeti zinakatwa kila mwaka. Lakini niruhusuni niseme wazi, maana kwenye mikutano tunaongea kwa adabu mpaka hatusemi kitu.

Mimi sidharau ushonaji. Mama yangu ni fundi cherehani, na cherehani hiyo ndiyo iliyonunua kompyuta yangu ya kwanza, ya mitumba, yenye kitufe cha "e" kilichotoka. Shida si cherehani. Shida ni kwamba mmechora dari halafu mkaiita uhalisia. Nchi inayotupokea inaturuhusu kufanya kazi. Sheria ya Uganda ya wakimbizi ya mwaka 2006 ipo. UNHCR wenyewe wameweka lengo kwamba ifikapo 2030 asilimia 15 ya vijana wakimbizi wawe kwenye elimu ya juu, na ripoti yao ya 2023 ilisema tuko asilimia 7. Mtafikaje 15 kwa fomu ya visanduku vitano?

Mtasema sayansi ni ghali. Hebu tupige hesabu pamoja. Programu ninazotumia, R na Python, ni za bure. Bioconductor, hazina ya zana za biolojia ndani ya R, ni ya bure. Data za GEO ni za bure. Kuna seva za Galaxy ambako unaendesha uchambuzi mzito kwenye kompyuta zao huku wewe ukiwa na kompyuta dhaifu, nayo ni bure. Data ghafi za sampuli moja zinaweza kuwa na gigabaiti kadhaa, hizo sikatai ni mzigo. Lakini jedwali lililokwisha kusafishwa la watu mia moja mara nyingi ni megabaiti chache au makumi. Video za mpira tunazotazama hapa kituoni zinakula zaidi. Kinachokosekana ni kiti, umeme wa uhakika, kompyuta kumi zenye memori ya gigabaiti 8, na mtu wa kufundisha. Kituo chetu kina sola juu ya paa na kinafungwa saa kumi na moja jioni. Bando ya bei rahisi inaanza usiku. Nani alipanga hivyo?

Kwa hiyo tunaomba mambo manne, siyo arobaini.

Moja, wekeni kisanduku cha sita. Kiandikeni "sayansi na data". Hata kama mwaka wa kwanza watakichagua wawili tu.

Mbili, tusaidieni kulinganisha vyeti vyetu vya Kongo, Burundi na Sudan Kusini. Kuna vijana wanaokaa miaka kwa kukosa ada ya kulinganishiwa cheti na nauli ya kwenda Kampala. Pesa ya chai ya semina moja ingewamaliza kumi.

Tatu, acheni kituo wazi usiku, na mlinzi alipwe. Vijana wenyewe wataweka utaratibu wa zamu.

Nne, na hili ni la wote wanaokuja kutoa damu zetu kwa utafiti: mkataba useme matokeo yatarudi lini, kwa lugha gani, na nani kati yetu atakaa pamoja na wachambuzi. Tumewekea vidole gumba fomu za ridhaa. Tumepewa sabuni na soda. Tunashukuru. Lakini sabuni inaisha, na damu yetu inabaki kwenye friji miaka mingi ikisemewa na watu wasiojua jina la kijito tunachochotea maji.

Sasa nageuka kwenu, vijana wenzangu, maana hasira yangu ina mgao wenu pia.

Tumekuwa wakusanyaji wa vyeti. Kila wiki kuna kozi ya siku tatu, unapiga picha na cheti, unaweka kwenye profaili, "sasa mimi ni mtaalamu wa akili bandia". Bwana, huwezi kuichanganua damu ya mtu kwa cheti cha siku tatu. Mashine inaweza kukariri. Ukiipa jeni 20,000 na wagonjwa 40, itakariri majibu kama mwanafunzi aliyeiba mtihani, itapata mia kwa mia, na ukiiletea mgonjwa mpya itashindwa vibaya. Kama hujui takwimu, hutagundua kwamba imekariri. Utashangilia.

Kwa hiyo anzeni na takwimu. Wastani, mtawanyiko, bahati nasibu, kwa nini ukijaribu mambo 20,000 lazima mengine yatoke "kweli" kwa bahati tu. Kwa kipimo cha kawaida cha 1 kati ya 20, jeni 20,000 zisizo na maana yoyote zitakupa "uvumbuzi" 1,000 wa uongo. Elewa sentensi hiyo vizuri, utakuwa umewapita wengi wenye makoti meupe. Halafu jifunze R. Halafu shusha data za kifua kikuu kutoka GEO, chukua zile jeni tatu, uone kama zinatenganisha wagonjwa na wazima. Ukifika hapo bila kudanganya, tayari unafanya kazi.

Na tahadhari ya bure: msifungue majedwali ya jeni kwenye Excel bila kuwa makini. Kulikuwa na jeni zilizoitwa SEPT2 na MARCH1, Excel ikazigeuza kuwa tarehe, Septemba na Machi. Makosa hayo yaliingia kwenye majarida mengi mpaka wasimamizi wa majina ya jeni wakaamua kuyabadilisha, wakatoa mwongozo mwaka 2020. Binadamu walibadilisha majina ya jeni zao kwa sababu ya programu ya ofisini! Mkiona wakubwa wanakosea hivyo, msiogope kujaribu.

Siwadanganyi kwamba ni rahisi. Kiingereza kilinitesa. Niliachwa na kazi mbili kwa sababu kadi yangu haikueleweka na mfumo wa mishahara. Usaili wangu mmoja ulikatika mara nne, na mara ya nne hawakupiga tena. Pia baiomaka si muujiza. Zile alama za damu za kifua kikuu zinaweza kuchanganywa na virusi vya kawaida, kwa sababu kinga ya mwili inapigana navyo kwa njia inayofanana. Mwaka 2014 Shirika la Afya Duniani liliweka kiwango cha chini kwa kipimo cha kuchuja kifua kikuu bila makohozi: kikamate angalau wagonjwa 90 kati ya 100, na kisiwashtaki bure wazima zaidi ya 30 kati ya 100. Kuvuka mstari huo kila mahali, kwa watoto, kwa wenye VVU, kwa watu wa kambini, ni kazi ambayo bado inaendelea. Maana yake nafasi ipo. Kazi haijaisha ndipo ufike wewe umechelewa.

Na yule kijana wa mfuko wa plastiki: nilimfuata nje. Tulikaa chini ya mwembe, nikafungua kompyuta, nikamwonyesha jedwali. Akaliangalia muda mrefu, halafu akauliza, "Huyu mtu wa safu ya saba, mbona namba zake zote ziko chini kuliko za wengine? Au chupa yake ilikuwa na shida?"

Sikumwambia chochote kuhusu chupa. Aliona mwenyewe, dakika ya tano.

Ameanza kujifunza kutengeneza simu, na sawa, apate ya kula. Lakini kila Jumamosi saa tisa tunakutana chini ya mwembe ule ule mpaka betri iishe. Tuko wanne sasa. Anayetaka kuja aje na daftari. Na yule dada mwenye fomu, kama unasoma hapa, karibu pia, sina ugomvi na wewe. Njoo tu na kalamu, tuchore kile kisanduku cha sita.